Wiki 10 kabla ya kuripoti depo: mbio, vyuma au begi mgongoni?

KurutaMtarajiwa
Wakuu, shikamooni wanaostahili, wengine habari za saa hizi. Barua ya kuripoti depo, yaani kambi ya mafunzo ya jeshi, ninayo, zimebaki wiki 10. Nina miaka 20, kilo 71, daktari hajanikuta na tatizo. Kazi yangu ni ya kukaa kitini toka asubuhi mpaka jioni, mwili umelala.

Juzi nikajipima bila kujionea huruma. Km 2.4 kwa dakika 14 na sekunde 20, nimemaliza nimeshika magoti. Pushapu 18, ile ya 19 sijui kama hata malaika ameiandika. Kujivuta kwenye chuma: moja, tena kwa kupiga mateke hewani.

Njia nilizoshauriwa ni tatu, na kila mshauri anaapa kwamba ya mwenzake ni upuuzi. Kwanza, mbio kila siku iendayo kwa Mungu. Pili, jimu, mbio utazikuta hukohuko. Tatu, buti na begi la kilo 20, tembea mpaka uzoee. Kwa siku nina saa nzima moja tu. Mngekuwa nyinyi mngeshika ipi?

ButiKuukuu
Mimi nilikuwa mtu wa mbio mkuu. Kila siku, bila kupumzika, na kila siku nataka kuvunja rekodi ya jana. Wiki ya tatu pumzi safi, nikajiona nimeshaiva. Wiki ya tano ugoko wa kulia ukaanza kuuma, mwanzoni nikianza mbio tu, nikipata joto unaacha. Baadaye ukawa unauma hata kitandani. Nikakaza, nikaingia depo hivyohivyo. Siku ya 9 mchakamchaka ukanishinda, nikapelekwa kupigwa picha, mfupa una ufa. Wenzangu wanapiga kwata, mimi nimekaa pembeni na magongo nawahesabia hatua. Nikaja kuanza upya na kundi lililofuata.

Nilichelewa kuelewa kwamba moyo na mapafu huitika ndani ya wiki chache, lakini mfupa na kano hwenda mwendo wa kinyonga. Pumzi inakwambia twende, mguu bado uko njiani. Ugoko mzima ukiuma kwa kutapakaa, punguza. Ukibonyeza kwa kidole ukakuta nukta moja inayokurusha, simama hapohapo uende hospitali.

ChumaMoto
Mnakisema chuma vibaya bure. Nani kawaambia kambini ni kukimbia tu? Unambeba mwenzako mabegani, unatambaa, unarushwa kichura, unanyoosha mikono na silaha mpaka mabega yanawaka moto. Mbio hazikujengei mgongo. Mimi nilikaa jimu miezi miwili, skwati, kunyanyua chuma kutoka chini, kujivuta. Pushapu nikatoka 20 nikafika 46.

Ila niseme na upande wa pili: niliongezeka kilo 5, na siku ya mbio nilizibeba zote 5. Nilikuwa wa tatu kutoka mwisho.

ButiKuukuu
@ChumaMoto 😂😂 angalau ulifika kwa miguu yako.

MzeeWaKwata
Vijana, nimesimama mbele ya makuruta miaka mingi. Mkiingia getini nawaangalia miguuni kabla ya kifuani. Asiyeweza mbio siku ya kwanza hanisumbui, kambi imewekwa ili imtengeneze. Aliyekuja ameshavunjika nitamfanyia nini?

Kwa hali uliyoieleza, mwanangu, gawa hivi: mbio siku 3, nguvu siku 2, begi siku 1, iliyobaki ulale. Mbio moja iwe ya polepole, uweze kuzungumza na mtu bila kukatika. Ya pili, mita 400 mara sita, kati yake unatembea mpaka pumzi irudi. Hiyo ndiyo itakayokushushia muda, kwa sababu majeshi mengi hupima umbali mfupi, km 2 mpaka 5. Ya tatu iwe ndefu kidogo, uirefushe kwa kama sehemu moja ya kumi kila wiki, usizidishe. Wiki ya nne na ya nane rudi nyuma kidogo. Wiki ya mwisho fanya nusu, usije kwangu umechoka.

Begi la kilo 20 kwa mtu wa kilo 71 ambaye hajawahi kubeba ni kujitafutia ulemavu. Anza na 7, usivuke 15 kabla ya kuripoti. Uzito ukae juu, umeshikana na mgongo, usining'inie kiunoni. Wala usikimbie nalo, hata hatua moja.

Pushapu usijimalize mara moja kwa siku. Unaweza 18, basi piga 9, mara tano au sita, kila ukiinuka kwenye hicho kiti chako. Kiwiko kikunjike nyuzi 90, mgongo kama ubao. Zile za nusunusu mkufunzi hazihesabu. Utamsikia tu: "Saba. Saba. Saba. Saba."

DadaKombati
Shikamoo mzee. "Saba" hiyo imenirudisha mbali!

Naongezea kwa mabinti wanaosoma hapa kimya. Pimeni damu mapema, madini ya chuma yakiwa chini utadhani ni uvivu kumbe mwili hauna cha kusafirishia hewa. Mimi nililaumu mazoezi wiki nne nzima. Jingine ni hatua. Ukiwa mfupi ukapangwa na warefu, utavuta mguu kuwafikia, na nyonga ndiyo inayolipa. Zoeeni kutembea haraka kwa hatua fupi.

Na hakuna aliyetaja usingizi! Kilichonivunja depo siku za mwanzo ni kuamshwa usiku wa manane wakati mwili umezoea simu mpaka saa 7 usiku. Anza sasa kulala saa 3.

MuuguziZamu
Mzee kamaliza, langu ni dogo. Maji kunywa kidogokidogo siku nzima. Kugida lita kadhaa kwa mkupuo kwa sababu mtu kakwambia "kunywa sana" hushusha chumvi kwenye damu, na makuruta wamekufa kwa hilo. Mkojo ukiwa mweusi kama kahawa baada ya mazoezi makali, usilale nyumbani, misuli inavunjika na figo ziko hatarini. Pia ukiwa na pumu au kifafa, useme kwenye vipimo. Mwenye pumu akificha, siri hutoka akiwa kwenye vumbi na mzigo.

KurutaMtarajiwa
Asanteni sana. Nafuata mgawanyo wa mzee, @ChumaMoto usinune, siku 2 ni zako.

KurutaMtarajiwa *(wiki 2 baadaye)*
Ripoti: km 2.4 sasa dakika 13 na sekunde 31. Pushapu 24. Kujivuta 2, bila mateke. Ugoko kimya. Tatizo ni buti. Nimenunua jipya, begi la kilo 7, dakika 40 tu, kidole kidogo cha kushoto kimetoa lengelenge kubwa kama harage. Nilitoboe?

MuuguziZamu
Usitoboe kama halijabana. Lifunike, liache likauke lenyewe.

MzeeWaKwata
Tena hilo buti livae nyumbani kwanza, nusu saa kila jioni, na soksi ileile utakayotembelea. Ulilinunua saa ngapi?

KurutaMtarajiwa
Asubuhi mzee, kabla ya kazi.

MzeeWaKwata
Ndiyo hapo. Asubuhi mguu ni mdogo, jioni umevimba. Kama dukani wanakubali, lirudishe, ujaribu jingine jioni. Kucha umekata?

KurutaMtarajiwa
Nakwenda kukata sasa hivi.

MzeeWaKwata
Zinyooshe, usizizungushe pembeni.