Ndago zimenishinda, na nikiinama nashikwa na kisunzi: nifanyeje?

Bi Mkubwa wa Muyeye (Malindi)

Assalamu alaikum, ndugu zangu wapenda bustani. Nina umri wa miaka 58, na nyuma ya nyumba yangu hapa Muyeye nina bustani ya hatua ishirini kwa kumi na tano, ambamo nimepanda mchicha, bamia, mabiringani na pilipili, pembeni mwa minazi mitatu na mlimau mmoja. Tangu masika ya mwaka huu bustani hiyo imevamiwa na ndago. Nimezilima kwa jembe mara nne, na kila nilimapo hurudi nyingi kuliko zilizokuwepo, utadhani jembe langu ndilo linalozipanda. Magugu mengine sina ugomvi nayo, kwani kishonanguo hung'oka kwa mkono mmoja na mbigili nimezizoea tangu utotoni, lakini ndago hukatika shingoni na kuniachia majani mkononi.

Jambo la pili naona haya kidogo kulitaja. Yapata miezi mitatu sasa, nikiinama kung'oa kisha nikainua kichwa, dunia yote huzunguka kama pia. Hunishika vilevile nikitazama juu kuona kama nazi zimekomaa, na usiku nikijigeuza kulalia ubavu wa kulia. Mzunguko wenyewe haufiki hata dakika moja, ila kichefuchefu hukaa nami muda mrefu baadaye. Juzi niliangukia mabiringani nikavunja miche sita. Wanangu wanasema ni presha, kwa kuwa nameza dawa za presha kila asubuhi. Jirani yangu anasema ni upepo, nisomewe. Na muuza duka la dawa aliniuzia vidonge vilivyonilaza hadi adhuhuri. Kijana wa kibarua nimemjaribu, akafyeka majani juu juu na kudai ujira wa siku nzima. Bustani sitaki kuiacha. Je, kuna aliyepambana na mambo haya mawili kwa pamoja?

Mwana wa Langoni (Lamu)

Waalaikumu salaam, mama. Pole sana. La kisunzi nawaachia wajuzi wake, ila ndago nimeishi nazo miaka mingi katika kiwanja kidogo nilichozungushia ukuta wa mawe, na nakuhakikishia kwamba ulivyosema kuhusu jembe ni kweli tupu. Ukichimba polepole utaona chini ya kila shina kinundu cheusi chenye harufu ya dawa, kilichounganishwa na kingine kwa mzizi mwembamba mgumu, na hicho na kingine tena, kama tasbihi iliyofukiwa. Kinundu cha mbele kikishachipua huwazuia wenzake wa nyuma wasichipue. Sasa jembe likipita na kuukata uzi wa tasbihi hiyo, kila punje huwa haina tena wa kuizuia, na zote huchipua kwa pamoja. Ndiyo maana unalima mche mmoja na kuvuna kumi.

Mimi nilifanya hivi. Nilichagua tuta moja tu, nikalifukua kwa uma wa bustani badala ya jembe, nikaupitisha udongo kwenye chekecheke la waya, na vinundu vyote nikavianika juu ya bati wakati wa kaskazi, jua likiwa kali. Wiki mbili za ukavu wa namna hiyo huviua. Tafadhali usivitupe kwenye shimo la mboji, maana vitakurudia vimenenepa. Matuta mengine sikuyafukua. Niliyapalilia kila baada ya wiki mbili kwa kukata chini kidogo ya uso wa udongo, kabla majani hayajapata nafasi ya kurudisha chakula chini. Vinundu vipya huanza kutungwa wiki chache tu baada ya kuchipua, kwa hiyo anayepalilia mara moja kwa mwezi anazilisha ndago kwa mikono yake.

Nina swali pia: je, kabla ya masika uliletewa udongo au miche ya vifukoni? Sisi huku hulaumu samadi ya punda kwa kila gugu, na ni kweli kwamba punda hacheui kama ng'ombe, basi mbegu nyingi za majani hupita tumboni mwake zikiwa nzima. Lakini ndago husafiri zaidi kwa vinundu kuliko kwa mbegu. Zangu ziliniingilia ndani ya magunia ya udongo yaliyovushwa kutoka Mokowe, nami nililipa pesa kuzileta.

Kuhusu kuinama, kaa chini. Mimi hutumia mbuzi kuukuu ya kukunia nazi iliyong'oka meno, na hunitosha kabisa.

Mstaafu wa Wodi (Malindi)

Dada yangu, nilikuwa muuguzi kwa miaka mingi, na ijapokuwa siwezi kumpima mtu kwa maandishi, maelezo yako yananielekeza mahali pamoja. Kisunzi kinachokuja kichwa kinapobadili mkao, kinachodumu chini ya dakika moja, kinachochokozwa na kutazama juu, kuinama na kujigeuza kitandani, mara nyingi hutoka katika sikio la ndani. Humo mna vijiwe vidogo mno vya chokaa vinavyokaa mahali pake na kuusaidia ubongo kujua upande wa chini ni upi. Umri ukisonga, au baada ya kugonga kichwa, baadhi yake hubanduka na kuingia katika mojawapo ya mifereji mitatu iliyojaa maji, ambayo kazi yake ni kupima mgeuko wa kichwa. Ukiinama, vijiwe huteremka na kuyasukuma maji hayo. Ukitulia, maji yanaendelea kusukumwa kwa muda, na ubongo huamini kwamba bado unazunguka. Wanawake waliopita miaka hamsini ndio hupatwa zaidi.

Presha ni habari nyingine. Inaposhuka mtu anaposimama ghafla, macho huingiwa na giza na kichwa kuwa chepesi, lakini nyumba haizunguki, na haiwezekani ikamshika mtu aliyelala anayejigeuza tu. Hata hivyo wanao wasipuuzwe: omba upimwe presha ukiwa umelala, kisha upimwe tena baada ya kusimama dakika moja na dakika ya tatu. Ikiwa namba ya juu imeshuka kwa 20 au zaidi, daktari atazitazama upya dawa zako na kiasi cha maji unachokunywa kwenye joto hili. Usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe.

Kipimo cha vijiwe hakihitaji mashine. Kinaitwa Dix-Hallpike, kwa majina ya wataalamu wawili wa Uingereza waliokieleza mwaka 1952: mgonjwa hulazwa haraka kichwa kikiwa kimegeuzwa upande mmoja, na mpimaji huyatazama macho yake kama yanachezacheza. Kikithibitisha, tiba nayo ni ya mikono. Daktari wa Marekani, John Epley, aliichapisha mwaka 1992. Ikiwa ni sikio la kulia, unaketi kitandani miguu imenyooka, kichwa kinageuzwa nusu kulia, unalazwa chali kichwa kikining'inia kidogo nje ya ukingo, na unangoja hadi mzunguko utulie, nusu dakika hadi dakika nzima, kisha kichwa kinageuzwa kushoto bila kuinuliwa, unangoja tena, kisha mwili wote unalalia ubavu wa kushoto, uso ukitazama sakafu, unangoja, mwishowe unaketishwa. Vijiwe huviringika kutoka mferejini hadi kwenye chumba vilikotoka. Wengi hupata nafuu baada ya mara moja hadi tatu, lakini mara ya kwanza afanye mtaalamu wa masikio au wa tiba ya viungo, hasa ukiwa na maumivu ya shingo, na uwe na mtu wa kukurudisha nyumbani.

Vile vidonge vilivyokulaza havirudishi kijiwe hata kimoja. Hutuliza kichefuchefu kwa siku chache, na vikiendelea kwa muda mrefu huuchelewesha ubongo kujizoeza. Kusomewa sikukatazi, nami nilisomewa nilipougua, na moyo ulitulia. Ila likikupata lolote kati ya haya, usingoje mtu wala zoezi, nenda hospitali saa hiyohiyo: uso kupinda, mkono au mguu kulegea, ulimi kuwa mzito, kuona vitu viwiliviwili, kichwa kuuma ghafla kupita kiasi, au kushindwa kabisa kutembea. Masikio yakivuma na kuziba, au kisunzi kikidumu kwa saa nyingi, huo pia ni ugonjwa mwingine na una uchunguzi wake.

Ndugu yangu wa Langoni, ile mbuzi yako nzuri, lakini haimfai. Aliyeketi karibu na ardhi bado huinamisha kichwa kufikia shina. Ardhi ndiyo ipandishwe.

Shamba la Hindi (Lamu)

Naheshimu waliotangulia, lakini naona mnamchosha mama. Kuna dawa ya kuua magugu iitwayo glaifoseti. Majani yakiwa mabichi na yenye nguvu unanyunyiza mara moja, dawa inashuka hadi kwenye vinundu, ukirudia baada ya wiki chache umemaliza. Asiyetaka dawa afunike bustani kwa plastiki nyeusi msimu mzima, basi.

Mwana wa Langoni (Lamu)

Kaka, kwa shamba la ekari tatu lililo tupu nisingebishana nawe sana. Lakini bustani hii ina mabiringani na bamia, na dawa hiyo haichagui; upepo wa kusi ukigeuka kidogo, mboga ndizo zitakazotangulia kufa. Haifiki kwenye vinundu ambavyo bado vimelala, navyo ndivyo vingi. Plastiki nayo nimeijaribu: ncha ya ndago ni kama sindano ya kushonea magunia, iliitoboa na kutokeza upande wa pili kana kwamba hakuna kitu. Kadibodi nene tabaka mbili tatu, juu yake makumbi ya nazi ya kimo cha kiganja, zilizizuia vizuri zaidi, ingawa pembeni zilichungulia.

Kinachoziudhi kweli ni kivuli. Ndago ni mmea wa jua, na kunde zilizopandwa karibukaribu huzidhoofisha. Viazi vitamu pia hufunika, ila sipendekezi, kwa sababu ndago hutoboa kiazi chenyewe, ukakichimba ukakuta kimedungwa.

Mstaafu wa Wodi (Malindi)

Naongeza moja tu. Bomba la kunyunyizia likijaa lina lita kumi na tano au zaidi, na hubebwa mgongoni. Mtu mwenye kisunzi asilivae, hata kama ndani mna maji matupu.

Bi Mkubwa wa Muyeye (Malindi)

Ndugu zangu, ni wiki saba tangu niandike, nami nawiwa jibu.

Nilikwenda kupimwa. Presha ya kulala na ya kusimama zilikaribiana. Nilipolazwa kichwa kikielekea kulia, chumba kilipaa, nikamshika daktari mkono kwa nguvu hata akacheka, akasema macho yangu yamekwisha kumjibu. Zoezi lile nilifanyiwa siku hiyohiyo, na likarudiwa baada ya siku sita kwa kuwa kilibaki kidogo. Tangu hapo najigeuza kitandani bila woga. Nimeambiwa kinaweza kurudi, kwamba karibu nusu ya watu hurudiwa ndani ya miaka kadhaa, na binti yangu amefundishwa namna ya kunifanyia. Nazi siziangalii tena. Anayezikwea ndiye aniambie zimefika wapi.

Mwana wa Langoni, jibu la swali lako ni ndiyo. Miche ya pilipili niliinunua vifukoni mwezi wa tatu, na nilipokwenda kuchungulia kifuko kimoja kilichosalia ukutani, nilikuta ndago tatu zimesimama ndani yake.

Bustani sijaishinda yote. Mwanangu alinijengea tuta moja kwa mawe ya matumbawe hadi usawa wa kiuno, akaweka kadibodi chini na kulijaza udongo tuliouchekecha jioni kwa jioni kwa siku tisa, nami nikiwa nimeketi kitini na ungo wa waya magotini, kichwa wima. Tulitoa vinundu ndoo moja na nusu. Vipo juu ya bati la banda la kuku, vimekauka kama kokwa za tende, na kila asubuhi nahakikisha kuku hawajaviangusha chini. Sehemu iliyobaki nimeisia kunde, na Jumamosi hadi Jumamosi ya pili yake kijana hukata zinazochungulia. Sasa namlipa kwa mstari aliousafisha, si kwa siku.

Jambo moja bado linanitatiza. Chini ya mlimau siwezi kufukua kwa uma bila kuumiza mizizi, na kunde hazistawi pale kwa sababu ya kivuli, ilhali ndago chache, nyembamba, bado zinatoka. Je, niweke makumbi tu na kungoja?

Mwana wa Langoni (Lamu)

Weka makumbi, mama, lakini yasiguse shina la mlimau, yaache wazi kiasi cha shubiri moja lisije likaoza. Hizo nyembamba zilizo kivulini zimekwisha dhoofika. Mkate kijana azikate pamoja na nyingine, na hicho kifuko kilichosalia ukutani kichome moto.

Bi Mkubwa wa Muyeye (Malindi)

Nadhani ulikusudia «mwambie kijana», mwanangu, si «mkate kijana». Kifuko kimeshachomwa.