Familia za marehemu zikidai hospitali zitangaze maambukizi ya wodini: zinasaidia au zinavuruga?

Fundi Mchundo: Wakuu, kule Uskoti kwenye hospitali ya Vale of Leven, 2007 na 2008 hivi, wagonjwa walikufa kwa C. diff, yule bakteria wa kuharisha, na wengi walimpatia humo humo wodini. Familia zikaungana, zikapiga kelele mpaka serikali ikaunda tume. Swali langu: hospitali zilazimishwe kubandika hadharani idadi ya wanaoambukizwa ndani? Mimi nasema ndiyo. Mtu kaingia na nyonga iliyovunjika, anauawa na kuhara, halafu ndugu waambiwe ni uzee?

Nesi wa Usiku: Hoja nzuri. Ila hao ndugu wangeanza kwa kunawa wenyewe. Mtu anatoka barabarani, anapanda kitandani kwa mgonjwa na viatu, anachezea dripu, kesho yake kabeba bango.

Chozi Kavu: Na viatu? Dada, mimi nimemzika mama. Aliwekewa mpira wa mkojo siku aliyolazwa, ukaachwa mpaka mkojo ukawa mzito na homa ikapanda. Nauliza unatolewa lini, naambiwa muulize wa zamu inayoingia. Wa zamu inayoingia ananiambia hakuandikiwa. Hapo nani alipanda kitandani?

Nesi wa Usiku: Pole kwa msiba, sikumsema mama yako. Lakini wodi nzima usiku tuko wawili. Njoo ushike zamu moja tu.

Kipanga: Uchache wenu haufundishi mtu kuvaa glovu pea moja kwa wagonjwa watatu. Anamfunga huyu kidonda, anashika kalamu, simu, kitasa, anahamia kwa yule. Hiyo glovu inamlinda nani?

Nesi wa Usiku: Simu! Daktari bingwa anapita raundi tai inaning'inia juu ya vidonda vya watu, hamumuoni. Nesi ndiye wa kusemwa.

Dokta Mtoro: Tai imeingiaje humu? Mimi sivai. Halafu siku hizi vitakasa mikono viko kila mlango, tuache kulia.

Msoma Ripoti: Dokta, kitakasa cha spiriti hakiui spora za C. diff, yaani vijimbegu vyake vigumu. Hapo ni sabuni na maji yanayotiririka, choo na sakafu ni klorini. Umesahau yule daktari Semmelweis, wodi ya wazazi, Vienna 1847? Aliwaambia wenzake wanaotoka kupasua maiti wanawe kwa klorini kabla ya kugusa wazazi. Vifo vikashuka, wao wakamnunia.

Dokta Mtoro: Semmelweis tena! Yule alihesabu vifo, hakubeba bango.

Chozi Kavu: Alihesabu, wakampuuza. Sasa unatushauri sisi tuhesabu?

Fundi Mchundo: Jamani, mada. Idadi itangazwe ama la? Kule walikufa ishirini na kitu…

Msoma Ripoti: 34, C. diff ikiwa chanzo au imechangia. Ripoti ya Jaji MacLean, aliyeongoza ile tume, ilitoka Novemba 2014 na mapendekezo 75. Na haikumbebesha nesi mmoja mzigo. Wagonjwa walichelewa kutengwa, antibayotiki ziliandikwa vibaya, viongozi hawakujua kinachoendelea kwenye wodi zao.

Mama Wawili: Mimi naogopa kitu kimoja. Ukitangaza namba tupu, hospitali inayopima kwa bidii ndiyo itaonekana chafu, na isiyopima itaonekana safi. Wataacha kupima.

Kipanga: Kwa hiyo Mama unataka tufichwe? Shirika la Afya Duniani lilishasema 2022: kati ya wagonjwa 100 wanaolazwa, 7 nchi tajiri na 15 nchi za kipato cha chini na cha kati huambukizwa wakiwa hospitalini. Wote hao walipanda na viatu?

Mama Wawili: Sikusema mfichwe. Soma tena.

Kipanga: Nimesoma. Umewatetea.

Nesi wa Usiku: Na mimi nauliza, mgeni akitaka kunawa anawia wapi? Kwangu sinki ni moja na bomba lake limekufa. Nimeliandika kwenye daftari la ripoti mpaka nimechoka.

Chozi Kavu: Si ungeanza na hilo, dada, badala ya viatu?

Nesi wa Usiku: Mngenisikiliza? Bomba anazuia mhasibu, kila siku bajeti.

Dokta Mtoro: Mhasibu naye anavaa tai?