Nairobi hadi Mombasa kwa baiskeli ya mtumba, msafara wa hisani: nirekebishe nini kwa wiki kumi?

Dada_wa_Ruaka

Hamjambo wapanda baiskeli. Nimejiandikisha kwenye msafara wa hisani wa Nairobi hadi Mombasa, siku nne, mwezi wa Agosti. Fedha zitalipia matibabu ya watoto. Baiskeli yangu ni ya mlimani, ya mtumba: magurudumu ya inchi 26, gia tatu mbele na saba nyuma, tairi za meno makubwa, breki za raba. Kwa sasa naendesha kilomita 40 kila Jumamosi. Gari la kubeba mizigo na maji litakuwepo, lakini waandalizi wanataka kila mtu ajitegemee kwa pancha. Je, baiskeli hii itafika ama nitafute nyingine? Nifanye mazoezi wapi, na kwa kiasi gani? Na michango niikusanye vipi ili watu wasiwe na shaka?

Spoki_36

Dada, usinunue baiskeli nyingine. Hiyo inafika, mradi pesa uziweke mahali panapofaa.

Anza na tairi. Meno yale ni ya kushika udongo. Kwenye lami hujipinda na kurudi kila gurudumu linapozunguka, na nguvu inayopotelea hapo ni ya miguu yako. Tafuta tairi laini za 26 x 1.5 au 1.75 zenye utando wa kuzuia miiba. Ukiwa na uzito wa kilo 65 hadi 75, jaza 1.5 kwa psi (kipimo cha upepo kwenye pampu) 50 mbele na 55 nyuma, 1.75 punguza psi tano. Usivuke kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Ikijazwa kupita kiasi huruka juu ya kila kokoto, na mikono ndiyo hulipa.

Pancha nyingi za barabara ya Mombasa hazitokani na miiba. Tairi la lori likipasuka huacha vipande vyeusi kando ya lami, na ndani yake mna nyuzi za chuma nyembamba kuliko sindano. Uzi ukishaingia kwenye tairi lako hauonekani kwa nje. Unabadilisha tyubu, unajaza upepo, na baada ya kilomita mbili umesimama tena. Kwa hiyo kabla hujavua tyubu, weka alama kwenye tairi pale valvu ilipo. Jaza tyubu nje, tafuta tundu, halafu ipimishe na tairi ili ujue chuma kiko upande gani. Pitisha kitambaa ndani ya tairi, si kidole. Kitambaa hunasa ncha. Ichomoe kwa kibano cha nyusi. Kibano hicho kiwe kwenye mfuko wako, hakina uzito wowote.

Kiraka nacho kina utaratibu. Piga msasa mpaka mng'ao wa raba uishe, paka gundi nyembamba eneo pana kuliko kiraka, ngoja dakika tano mpaka isinate kwenye kidole, ndipo ubandike na kukandamiza. Viraka vingi hubanduka kwa sababu mtu amebandika gundi ikiwa bado mbichi. Barabarani badilisha tyubu tu, viraka ufanye jioni. Beba tyubu mbili, viraka sita, pampu ya mkono na vikongoleo viwili vya plastiki vya kuvulia tairi. Usitumie bisibisi kuvua tairi, itakata tyubu. Chukua tyubu zenye valvu nene kama ya gari, maana ndizo zinazojazwa kwenye vituo vya mafuta bila kifaa cha ziada.

Sasa cheni. Ipime kwa rula ya chuma yenye inchi: pini moja ikae kwenye sifuri, pini ya 24 baada yake iangukie inchi 12 kamili. Ikizidi kwa 1/16, badilisha cheni. Ikizidi kwa 1/8, meno ya friwili (zile gia za gurudumu la nyuma) nayo yameshalika, na cheni mpya itayaruka kila ukikanyaga kwa nguvu. Badilisha vyote viwili. Fanya kazi hiyo wiki tatu kabla ya safari, si usiku wa kuamkia safari, kwa sababu waya mpya wa gia na cheni mpya huhitaji kukazwa tena baada ya kilomita mia moja hivi.

Mwisho, bana spoki za nyuma mbilimbili kwa vidole, hasa upande wa cheni. Iliyolegea ndiyo inayofanya jirani yake ibebe mzigo na kukatika. Fundi yeyote wa soko la Gikomba mwenye stendi ya kunyooshea rimu atazisawazisha.

Kona_Baridi

Naongeza habari za njia na mazoezi.

Watu husikia Mombasa iko chini, basi wanafikiri watateremka tu. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari na Voi takriban 600, lakini mteremko huo hauji mfululizo. Kutoka njia panda ya Machakos mpaka Sultan Hamud kuna kupanda na kushuka kwingi, na vilima vya Salama vimechosha wengi waliotoka Athi River kwa kasi. Mgawanyo wa kawaida wa siku nne ni huu: Emali (takriban km 125), Mtito Andei (115), Voi (95), Mombasa (150). Siku ya tatu inaonekana fupi kwenye karatasi, nayo ndiyo siku ya kupumzisha miguu. Usiimalize kwa mashindano.

Kinachoangusha watu mwezi wa Agosti ni upepo. Kusi inavuma kutoka kusini-mashariki, na wewe unaelekea huko huko. Huanza polepole asubuhi na kupata nguvu kadiri jua linavyopanda, kwa hiyo kilomita unazomaliza kabla ya saa 4 zina bei nafuu kuliko zile za saa 8 mchana. Endesheni kwa safu ya watu wanne hadi sita, anayeongoza akae mbele dakika tatu tu kisha atoke upande wa kulia baada ya kutazama nyuma na kurudi mkiani. Lori likisikika, hakuna kubadilishana. Acheni nafasi ya nusu baiskeli mpaka mzoeane. Gurudumu la mbele likigusa la nyuma la mwenzako, anayeanguka ni wewe.

Kutoka jijini, Expressway (barabara ya juu ya kulipia) hairuhusu baiskeli, hivyo mtapita barabara ya chini. Ndiyo maana misafara mingi huondoka Jumapili alfajiri. Kabla ya kila mji kuna vijituta vidogo vya kuamsha madereva: inuka kidogo kwenye siti, legeza viwiko, usikamate breki juu yake. Na ukisukumwa nje ya lami, usijaribu kurudi kwa kukata pembeni. Ukingo ukiwa juu kwa kiganja utalaza tairi. Simama, inua baiskeli, rudi.

Mazoezi: ongeza kilomita kumi kwenye safari yako ndefu kila wiki, na wiki ya nne urudi chini kidogo. Ukifika 80, nenda Ngong, Kiserian, Isinya, Kitengela, urudi kwa barabara ya Mombasa. Mzunguko huo unazidi kilomita 100, na kipande cha Kiserian hadi Isinya ni wazi kiasi kwamba utauzoea upepo. Wiki tatu kabla ya safari, endesha 100 Jumamosi na 80 Jumapili. Jumapili hiyo ndiyo mtihani wenyewe: siti, mikono na tumbo husema ukweli siku ya pili. Wiki ya mwisho pumzika, safari mbili za saa moja zinatosha.

Muuguzi_Baiskeli

Kunywa nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa saa, kidogo kidogo. Maji matupu kwa saa nyingi huku unatoka jasho hupunguza chumvi ya damu: kichwa kinauma, unasikia kichefuchefu, vidole vinavimba, na mtu anadhani ni kiu, anazidi kunywa. Chupa moja iwe na maji, nyingine mchanganyiko wa lita moja, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vyote vya kusawazishwa.

Kula kuanzia saa ya kwanza, kabla njaa haijaja. Mwili unahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Ndizi moja ya wastani ina kama 25, na kiazi kitamu kilichochemshwa hakiko mbali na hapo. Chipsi na nyama choma ziache za jioni, mafuta hukaa tumboni.

Urefu wa siti: weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke bila kiuno kuyumba. Ikiwa chini mno, magoti ya mbele yatauma siku ya pili. Kaptura yenye sponji huvaliwa bila chupi, kwa sababu mishono ndiyo inayochubua. Paka mafuta ya mgando mahali panaposuguana na siti, na kaptura uifue kila jioni, beba mbili.

Hesabu_Wazi

Kuhusu michango: pesa zisipitie kwenye simu yako. Omba waandalizi wakupe paybill (namba ya kulipia kwa simu) ya shirika lenyewe, na mchangiaji aandike jina lako mahali pa namba ya akaunti. Hapo kila shilingi ina risiti, na wewe huna cha kueleza wala kuulizwa. Ada ya kujiandikisha, chakula na malazi lipa mwenyewe, ama uwaambie watu mapema kwamba sehemu ya mchango itagharamia safari. Anza na watu ishirini wanaokujua, kila mmoja kwa ujumbe wake. Ujumbe wa kundi hupita bila jibu. Ahadi ya kiasi fulani kwa kila kilomita husaidia, ila taja idadi ya kilomita, 485 hivi, ili mtu ajue anaahidi nini.

Dada_wa_Ruaka

Asanteni sana, nimeandika yote. Moja limebaki: kama upepo huanza asubuhi, je, siku ya Mtito Andei hadi Voi tutoke saa 10 usiku kwa taa?

Kona_Baridi

Hapana dada, siku hiyo hasa. Barabara inapita katikati ya mbuga za wanyama za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na ndovu huvuka lami gizani. Taa ya baiskeli inamulika mita chache, na ndovu ana rangi ya vumbi. Subirini kupambazuke, saa 12 na nusu. Mkiona ndovu kando, simameni mbali, mwacheni avuke, na gari la msafara lije mbele yenu. Na msile barabarani karibu na Manyani. Nyani wanajua mfuko wa ndizi. Taa ya nyuma nyekundu iwashe mchana kutwa siku zote nne, na utakapofungasha baiskeli kurudi, pedali ya kushoto inafunguka kwa kuzungusha kuelekea mkono wa saa.