Laptopu ya mtumba Tanga: Intel au AMD?

Kijana_Chumbageni: Wakuu, naomba ushauri. Nina laki 6, kazi zangu ni za ofisi na kuhariri picha kidogo. Duka moja Ngamiani wana ThinkPad mbili kama mapacha: T480 yenye prosesa ya Intel, Core i5-8250U, na A485 yenye ya AMD, Ryzen 5 PRO 2500U. Bei sawa. Muuzaji anasema AMD zinachemka, nisiguse. Kweli?

FundiMakorora: Hizo stori za kabla ya 2017, mkuu. Ryzen ilipotoka mwaka ule Intel walishtuka. i5-7200U yao ilikuwa na viini (core) 2 tu, iliyoifuata ndiyo hiyo i5-8250U, viini 4, wati 15 zilezile. Mimi naamini bila AMD tungekuwa na 2 mpaka leo. Joto la mitumba mingi ninayofungua ni feni kujaa vumbi na grisi ya prosesa kukauka.

BintiRaskazone: Kwa picha, Vega, chipu ya michoro ya hiyo Ryzen, inaipita UHD 620 ya Intel. Ila tazama Windows 11: i5-8250U imo kwenye orodha ya Microsoft ya prosesa zinazokubalika, 2500U haimo. Na Windows 10 waliacha kuihudumia Oktoba 2025. Kwangu mjadala umeisha hapo.

Mzee_wa_Pweza: Mnabishania vikongwe! Chukua MacBook Air ya M1, haina hata feni.

FundiMakorora: Laki 6, mzee wangu, soma swali. Na ramu ya M1 huongezi, T480 ina nafasi 2.

BintiRaskazone: Akija kununua mpya asidanganywe na namba kubwa. Ryzen 5 7520U inaonekana ya juzi, kumbe viini vyake ni Zen 2, muundo wa AMD wa 2019. Kwenye Ryzen za laptopu za mfululizo wa 7000 soma tarakimu ya tatu: 7530U ni Zen 3, 7540U ni Zen 4. Ujanja huo sijaupenda, na mimi ni wa AMD damu!

Kijana_Chumbageni: Shukrani sana. Basi T480. Betri je?

FundiMakorora: Ina mbili. Ya nje unaweza kuichomoa mashine ikiwa inawaka, mradi ya ndani ina chaji. Kabla hujatoa hela, andika powercfg /batteryreport kwenye CMD, ulinganishe ujazo wa kiwandani na uliobaki. Ya ndani ikiwa chini ya nusu, shusha bei.