Chanzo cha ulimwengu kidato cha nne, vipindi viwili, projekta hakuna: mnafundishaje?

Mwl_Uyole
Habari za jioni wakuu. Darasa lina wanafunzi 64, vipindi viwili vya dakika 40. Nataka waelewe kwa nini nadharia ya Mlipuko Mkuu (ulimwengu ulianza na joto kali, umebanana, ukatanuka) iliishinda ya Hali Tulivu (ulimwengu haukuwa na mwanzo), siyo kukariri majina. Kupuliza puto lenye nukta za kalamu kama galaksi (makundi makubwa ya nyota) kuonyesha mtanuko hakusaidii, maana swali linabaki palepale: "Ticha, ulilipukia wapi?" Wengine wanafunga mjadala kwa "hiyo si nadharia tu". Mnatumia nini?

Fizikia_Mafinga
Puto liache. Mwanafunzi anatazama ndani yake na kusema mlipuko ulianzia pale katikati, wakati mfano unahusu ngozi ya puto peke yake. Tena nukta za kalamu zinatanuka pamoja na mpira. Galaksi hazitanuki, uvutano wake unazishika.

Chukua lastiki ya fundi cherehani, upana sm 2, urefu sm 30 hivi. Bana vibanio vinne vya karatasi: A, kisha B sm 5 kutoka A, C sm 10, D sm 20. Ilaze mezani, wawili wavute ncha zote mbili taratibu kwa sekunde 5 mpaka B iwe sm 10 kutoka A. C itasoma 20, D 40. Kasi zao basi ni sm 1, 2 na 4 kwa sekunde: aliye mbali zaidi anakimbia zaidi, jambo ambalo mwanafalaki Edwin Hubble alilionyesha kwa galaksi mwaka 1929. Sasa rudieni, rula ianzie C. Na yeye anaona wenzake wote wanamkimbia. Swali la "wapi" linaishia hapo, kwa sababu kitovu hakipo.

Gawanya umbali wa mwisho kwa kasi: zote zinatoa sekunde 10. Mjanja mmoja atauliza mbona mmevuta sekunde 5 tu. Mjibu kwamba lastiki haikuanzia sifuri, ilikuwa tayari na nusu ya urefu wake wa mwisho. Hesabu ni ileile ya ulimwengu: kilomita 70 kwa sekunde kwa kila megaparseki (kama miaka nuru milioni 3.26), ukigawanya umbali kwa kasi unapata kama miaka bilioni 14. Umri unaokubalika ni bilioni 13.8, kwani kasi ya kutanuka haikuwa moja muda wote.

Angalizo: usiunge lastiki kwa fundo, fundo halivutiki na vipimo vinaharibika. Wakivuta kwa kushtua, vibanio vinateleza.

Kipengere
Mkuu hapo juu yuko sawa, ila lastiki haitoi mshindi! Hoyle, Bondi na Gold, waasisi wa Hali Tulivu mwaka 1948, waliukubali mtanuko. Walichosema ni kwamba maada mpya inazaliwa kujaza nafasi, hivyo ulimwengu unaonekana vilevile daima. Kwa hiyo gawa ubao mara mbili na uandike kila nadharia inatabiri nini KABLA ya kutoa ushahidi. Ukianza na jibu, wanakariri.

Kisha leta mwaka 1965: wanasayansi Penzias na Wilson walitangaza mnururisho dhaifu (mawimbi kama ya redio) unaotoka kila upande wa anga, leo unapimwa kelvini 2.7, yaani baridi kali mno. Mlipuko Mkuu ulishautabiri kama mabaki ya joto la mwanzo, Hali Tulivu haikuwa na pa kuuweka. Chenga za TV ya chogo zina sehemu ndogo ya mnururisho huo, kama asilimia 1. Usiwaambie ni zote. King'amuzi hakikupi chenga, kwa hiyo kama TV ya zamani haipo, ruka.

Kuhusu "nadharia tu", andika maneno mawili: nadharia tete, na nadharia. Ya kwanza inasubiri kupimwa, ya pili imepimwa ikasimama. Wakileta dini, Lemaître, mwanafizikia aliyependekeza chanzo hiki, alikuwa padre wa Kikatoliki, na jina la mlipuko lilitoka kwa Hoyle, mpinzani wa nadharia hiyo, redioni BBC mwaka 1949. Jina lenyewe linapotosha, hakuna kitu kilicholipuka ndani ya nafasi tupu.

Ndolezi_Njiapanda
Mkiwa Mbeya, kimondo cha Mbozi kiko jirani, tani 16 hivi, chuma karibu asilimia 90. Wengi wanakosea wakisema ni kipande cha Mlipuko Mkuu. Mlipuko ulitoa hidrojeni, heli kama robo ya uzito, na litiamu kidogo sana. Chuma kilipikwa ndani ya nyota baadaye. Swali zuri la mtihani: kwa nini kimondo hiki hakiwezi kuwa na miaka bilioni 13.8?

Mwl_Uyole
Asanteni sana. Na Andromeda, galaksi jirani yetu? Wameshasoma kwamba inatukaribia.

Fizikia_Mafinga
Weka sisimizi juu ya lastiki, sm 1 kutoka A, atembee kuelekea A huku mnavuta kwa mwendo uleule. Anafika. Mweke karibu na D, atembee vilevile: anazidi kusogea mbali. Andromeda ni yule wa karibu.