Malindi: Ukija na gari unapigiwa saluti, ukija na baisikeli unafukuzwa getini

Nimenyamaza vya kutosha, leo nasema. Anayedhani nataka kumpaka mtu matope atulie, sitaji jina la duka wala la benki, maana si moja wala si mbili. Ni mji mzima.

Gari ninalo. Naanza na hilo kwa sababu najua kuna mtu ashaanza kuandika hapo chini kuniuliza kama nimefilisika. Liko nyumbani, lina mafuta, hutoka nikiwa na safari ya Mombasa au nikiwa na mgonjwa. Lakini sokoni, msikitini, kwa kinyozi, kunywa kahawa baada ya magharibi, naenda na baisikeli, na pakiwa karibu naenda kwa miguu. Nilianza mwaka 2023 petroli ilipovuka shilingi 200 kwa lita. Bei ikateremka, mimi sikurudi garini. Mji wetu ni tambarare, hauna kilima cha kumtoa mtu ulimi. Kilomita tano kwa mwendo wa kawaida ni kama dakika ishirini, na hapa mjini ni wangapi wanaoenda kilomita tano kununua unga?

Sasa juzi nimefika dukani, haya maduka makubwa ya kisasa, nimeshuka, naisukuma baisikeli taratibu nipite getini. Askari kanyoosha mkono.

"Mzee wangu, hiyo itoe."

"Niipeleke wapi, mwanangu?"

"Huko nje, kwa wenye mikokoteni. Ndani ni magari tu."

Nikatazama huko ndani. Nafasi tele. Kulikuwa na gari moja limelala juu ya mistari miwili, injini inanguruma, dereva amejifungia na kiyoyozi chake anachezea simu. Nyuma yangu ikaja Prado. Huyo huyo askari akanisogeza kwa kiwiko, akafungua geti, akapiga saluti. Yule wa Prado alinunua mkate na maziwa, nilimkuta kwenye foleni ya kulipa.

Yule kijana simlaumu. Kaambiwa afanye hivyo na aliyemwajiri, na jioni yeye mwenyewe anarudi kwao kwa miguu. Lakini huyo aliyemwajiri alikaa chini akapima, akapaka mistari, akaweka kibao, na katika hesabu zake zote hakukumbuka kuwa kuna mteja atakayekuja na magurudumu mawili. Nafasi ya gari moja inaingiza baisikeli kumi hivi. Kumi! Na kila mmoja ana mfuko wa kununulia.

Kwa hiyo nikaifunga kwenye nguzo, nje, barabarani. Kutoka, valvu imefunguliwa, tyubu haina upepo. Nikasukuma mpaka kwa fundi na unga wangu kwenye keria, na pikipiki zikinipigia honi nizipishe, mimi niliye pembeni kabisa kwenye mchanga.

Na huo mchanga ndio jambo lenyewe, msidhani nalia na askari tu. Tokeni mkaangalie ukingo wa lami, iwe ni kuelekea daraja la Sabaki au kule upande wa Mombasa. Lami imekatika ghafla, halafu kuna shimo la urefu wa kiganja, halafu mchanga mlaini. Gari likija kwa nyuma na honi lake, una mawili: ubaki juu ya lami uombe Mungu, au uteremke ghafla usukani ukuponyoke. Ndani ya mji penye kijia cha waenda kwa miguu, tuktuk zimeegeshwa juu yake zikingoja abiria, na bodaboda wanakifanya njia ya mkato. Kuendesha chombo juu ya njia ya waenda kwa miguu faini yake ni shilingi 5,000, iko kwenye kanuni za makosa madogo ya barabarani za mwaka 2016. Nani aliwahi kumwona mtu akilipishwa hapa Malindi? Sheria inasema mwendo wa mjini usizidi kilomita 50 kwa saa, na Shirika la Afya Duniani linasema gari likimgonga mtembea kwa miguu kwa 65 badala ya 50, hatari ya kufa inapanda mara nne na nusu. Simama Lamu Road saa mbili usiku uone hizo 50.

Kenya inapoteza watu zaidi ya 4,000 kila mwaka barabarani, na waliokuwa kwa miguu ndio wengi kuliko kundi lolote. Halafu tunaambiwa waenda kwa miguu wawe waangalifu. Waangalie nini, na njia wamenyang'anywa?

Kinachonichoma zaidi ni kwamba huu ni mji wa baisikeli, umekuwa hivyo tangu sisi wadogo. Kabla ya pikipiki kujaa, si ndizo zilizokuwa zikitubeba abiria? Mpaka leo, alfajiri, nani anayeleta madafu mjini? Nani anasambaza mikate madukani? Yule baba anayetoka Kakuyuni na magunia mawili ya mkaa kwenye baisikeli yake ya blekmamba, amefunga kwa mpira wa tyubu kuukuu, anasukuma penye mchanga na kupanda penye lami, yeye si mtumiaji wa barabara? Mzungu akipita Casuarina na baisikeli ya kukodi watu wanasema angalia anavyofanya mazoezi. Mgiriama akipita na mkaa anapigiwa honi mpaka aingie mtaroni.

Na sisi kwa sisi pia ndio hao hao. Shemeji yangu alimpigia simu mke wangu kwa siri kuuliza kama mambo ni mazuri, maana "tumemwona bwana na baisikeli." Alikuwa tayari kuchanga! Na kijana wa kike akipanda baisikeli na buibui lake kwenda kazini, maneno atakayotupiwa kutoka Majengo mpaka Ngala sitayaandika hapa.

Sidai barabara za Ulaya. Nataka bomba la chuma lililokunjwa na kupandwa kwenye zege, mahali askari anapoona, mbele ya kila duka kubwa, benki na ofisi. Fundi wa kuchomea vyuma analimaliza asubuhi moja. Nataka ule ukingo wa lami ujazwe na kushindiliwa. Nataka tuktuk zipewe stendi zake, maana nazo zinatafuta riziki, lakini zitoke pale watoto wa shule wanapopita.

NAONGEZA, maana mshaanza kunijibu hapo chini.

Aliyesema baisikeli zinazuiwa kwa sababu zinaibiwa ndani na duka linalaumiwa: magari nayo huvunjwa vioo, mbona hayazuiwi? Wekeni kibao kuwa kila mtu aegeshe kwa hatari yake, kama mlivyowaandikia wenye magari.

Aliyesema waendesha baisikeli hawana taa: kweli, na silitetei hilo. Mtu anaendesha barabara ya Mombasa usiku bila hata kiakisi nyuma, nguo nyeusi, huyo anajitafutia. Lakini hoja ya taa haijibu suala la geti mchana kweupe.

Aliyesema jua: jua lipo, hasa msimu wa kaskazi. Ndiyo sababu natoka asubuhi na alasiri kama watu wote wenye akili. Mbona hamkumwambia mwenye mkaa habari za jua?

Na wewe uliyeniambia nihamie Lamu kusiko na magari, umefika lini mara ya mwisho? Mji Mkongwe ule ule ulio kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2001, kaulize waliokuwa wakitembea kwa raha pale ukingoni mwa bahari wakwambie habari za pikipiki.

Sasa nataka kitu kimoja. Anayejua duka, benki, zahanati au ofisi yoyote hapa Malindi inayoruhusu baisikeli kuingia na ina mahali pa kuifungia, aitaje hapo chini na mtaa wake. Pesa yangu nitaipeleka huko, na wenzangu wa kahawani nitawapeleka. Wale wanaofukuza msiwataje, orodha itakuwa ndefu mno.