Mjomba anataka forodha, mimi nataka ualimu. Naombeni ushauri

Kijana_Makorora: Wakubwa shikamooni. Nina miaka 21, nipo Tanga. Nataka kusomea ualimu, mjomba ananitaka uwakala wa forodha, anasema bandarini ndiko kwenye hela. Usingizi sipati. Nifanyeje?

Mkonge_Damu: Nenda forodha. Mimi nina digrii ya ualimu, nasubiri ajira za TAMISEMI mwaka wa tano huu. Nauza samaki soko la Deep Sea.

Mwl_Mstaafu: Marahaba mwanangu. Mimi sikuuchagua ualimu. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977, walimu wakawa hawatoshi, tukachukuliwa hata sisi wa darasa la saba. Asubuhi nafundisha, jioni nami nafundishwa. Nilikuja kuupenda baadaye sana, huko Muheza.

Binti_Pangani: Mdogo wangu, ada analipa nani?

Kijana_Makorora: Mjomba.

Binti_Pangani: Na anajua unakokwenda?

Kijana_Makorora: Hajui. Alinitumia ada ya forodha, nimeshalipia chuo cha ualimu. Lakini sijaitapanya, nayo ni shule tu. Ningemwambia mapema angekataa.

Abuu_Ngamiani: Hiyo ilikuwa amana, kijana. Utasimamaje mbele ya watoto kuwakataza uongo?

Mkonge_Damu: Mi naona hadithi ya kutunga hii. Kila msimu wa kuomba vyuo haikosi mtu na mjomba wake. Haya, mtoto yuko darasa la nne hajui kusoma. Unaanzia wapi?

Kijana_Makorora: Nilikuwa naye mmoja hapa kwetu, tuisheni ya chini ya mwembe. Anasoma ukurasa mzima bila kukosea. Siku moja nikafunika picha kwa kiganja, akanyamaza. Kumbe alikariri kwa kusikia wenzake. Nikaweka kitabu pembeni, nikaandika jina lake mchangani: Sa-la-ma. Humo tukatoa sala, tukatoa lala. "Mama" aliitoa mwenyewe, akakimbilia kwao kumwonyesha mama yake, ndala akaziacha. Mimi nikabaki nimezishika zile ndala. Tangu siku ile sioni kazi nyingine.

Mwl_Mstaafu: Mkonge, huyu hatungi. La kufunika picha nililigundua mwaka wangu wa sita darasani. Mwanangu, mjomba asisikie kwa mtu. Yuko wapi sasa?

Kijana_Makorora: Kwenye basi, anatoka Dar. Anashuka Kange saa kumi.

Mkonge_Damu: Kampokee. Risiti ya chuo uende nayo.